"Kama Ilivyopokelewa": Maneno Yanayobomoa Jumuiya Zetu za Mitandaoni



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, Swahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, wazazi na wanafunzi, kuna maneno mawili mepesi ambayo leo yamekuwa kama leseni mikononi mwetu. Utayaona mwanzoni mwa ujumbe wa simu au mwishoni mwake, na mara nyingine kwa herufi kubwa: KAMA ILIVYOPOKELEWA. Mtu anapokea habari, hajui imetoka wapi, hajaisoma mpaka mwisho, hajui ni kweli au ni uzushi. Anaweka maneno hayo mawili, anabonyeza, na habari imeshaingia katika magrupu manne. Akiulizwa, jibu lake liko tayari: "Mimi sikusema kitu, nimetuma kama ilivyopokelewa."

Ninasema waziwazi, na atakayeudhika anisamehe: maneno hayo hayamvui mtu dhima yake mbele ya Allah. Ni hayo yanayoyafanya magrupu yetu, yenye majina mazuri ya Nuru na Ukhuwwa na picha za Al-Kaaba, kuwa vijiwe vya umbea vilivyovishwa kanzu. Kila siku tunaulizana vipi Waislamu tuwe na sura njema mitandaoni, tuwe na kurasa nyingi, video nyingi, wafuasi wengi. Swali la kwanza si wingi. Swali la kwanza ni hili: kinachopita mkononi mwako ni amana, au ni takataka uliyoiokota njiani ukampelekea mwenzio mlangoni?

BINTI ALIYEHUKUMIWA NA WATU "WASIOSEMA KITU"

Katika mji wetu, si miaka mingi iliyopita, ilipita picha ya binti wa miaka 16. Alikuwa amesimama usiku nje ya ukumbi wa harusi na kijana, wanacheka. Chini ya picha mtu ameandika maneno mabaya, kisha akamalizia kwa kuwasihi wazazi wachunge mabinti zao. Picha ikaingia grupu la mtaa, ikaingia la kina mama wa msikitini, ikaingia la wazazi wa madrasa. Kila ilipoingia ilikuwa na maneno yetu yale: kama ilivyopokelewa.

Yule kijana alikuwa mjomba wake, mdogo wa mama yake, aliyevuka kutoka Uvira kuja harusini.

Baba wa binti alizunguka kueleza. Alileta ushahidi, akaomba ukweli utangazwe. Wachache walimjibu "pole". Wengi walikaa kimya. Alipouliza ni nani aliyeileta habari ile, kila mtu alimwonyesha mwenzake, na wa mwisho akasema naye aliipokea kutoka namba asiyoijua. Basi hakupatikana hata mtu mmoja wa kuomba radhi, kwa sababu kwa hesabu yao hakuna aliyesema chochote! Binti alikuwa amefika juzuu ya 19 katika hifdhi yake. Hakurudi tena darasani.

Hebu tujiulize. Watu mia tatu wamemhukumu mtoto wa Kiislamu, na hakuna hata mmoja aliyesema neno. Inawezekanaje? Inawezekana kwa maneno mawili tu.

QUR-AANI IMEYAKEMEA MAPOKEZI HAYO

Kila mtoto wa madrasa anakijua kisa cha Ifk, uzushi aliozuliwa Mama wa Waumini, Bi Aisha (R.A.). Mji wa Madina ulikuwa mdogo na hapakuwa na simu, lakini habari ilizunguka muda wa mwezi mzima kabla wahyi haujashuka kumtakasa. Sasa isome Suratun Nur, aya ya 15, uione inamlaumu nani. Haikuishia kwa aliyeuzua uongo ule. Inawalaumu pia wale walioupokea kwa ndimi zao, wakautamka kwa vinywa vyao bila ya kuwa na elimu nao, wakidhani ni jambo dogo, na ilhali mbele ya Allah ni kubwa.

Tazama maajabu ya maana hiyo: kupokea kwa ulimi! Mtu hupokea habari kwa sikio. Lakini wale walipokea kwa ulimi, yaani baina ya sikio na mdomo hapakuwa na kituo, hapakuwa na akili wala taqwa ya kuizuia habari njiani. Ndiyo hali yetu leo, ila sisi tunapokea kwa kidole gumba. Basi mwenye kujitetea kwamba ametuma kama alivyopokea ajue kwamba kupokea kwenyewe kwa namna ile ndiko kulikokemewa.

Na katika kisa hicho hicho uko mfano wa nyumba ya Kiislamu. Vitabu vya sira vinatusimulia kwamba mke wa Abu Ayyub al-Answari (R.A.) alimtajia mumewe wanayoyasema watu. Abu Ayyub akasema ni uongo, kisha akamuuliza mkewe kama yeye angeweza kufanya jambo lile. Mke akajibu kwamba wallahi hawezi. Abu Ayyub akamwambia kwamba Aisha ni bora kuliko yeye. Habari ikaishia hapo, ndani ya nyumba, baina ya mume na mke. Haikutoka mlangoni. Je, nyumba zetu leo zina mazungumzo kama hayo, au mume yuko na simu yake pembe hii, mke na simu yake pembe ile, na wote wawili wanasambaza?

SISI NI UMMA WA ISNADI

Wanafunzi wangu, hakuna umma mwingine uliohangaika na swali la "nani kasema?" kama umma huu. Imamu Bukhari, aliyezaliwa mwaka 194 Hijria (810) katika mji wa Bukhara na kufariki mwaka 256 (870), alisafiri miji na majangwa kukusanya hadithi. Imepokewa kwamba alichagua kutoka katika riwaya zipatazo laki sita, na kitabu chake kina hadithi zaidi ya 7,000 pamoja na zilizokaririwa. Kila hadithi ina mnyororo wa majina: fulani kasikia kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwa Mtume (S.A.W.). Na kila jina katika mnyororo limechunguzwa: alizaliwa lini, aliishi wapi, alikutana kweli na huyo anayedai kusikia kwake, hifdhi yake ilikuwaje.

Tena wanachuoni hawakutazama nia peke yake. Alikuwepo mtu mcha Mungu, mwenye kufunga na kusimama usiku, na pamoja na hayo hadithi yake iliachwa kwa kuwa hifdhi yake ilikuwa dhaifu. Hawakumwita muongo. Walimheshimu, wakamuombea dua, lakini dini hawakuichukua kwake. Leo sisi tunaichukua dini kwa namba isiyo na jina.

Na katika utangulizi wa Sahihi yake, Imamu Muslim (aliyefariki mwaka 261 Hijria) ametupokelea mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba mtu hahitaji kubuni uongo ndiyo awe muongo. Kusimulia kila anachokisikia kunatosha. Sasa linganisha mambo haya mawili. Isnadi inamtaja mtu na kumfunga na neno lake. "Kama ilivyopokelewa" inamficha mtu na kumfungua. Isnadi ni mnyororo. Hii ya kwetu ni shimo.

Wanafunzi wa darasa langu la juu niliwapa kazi moja: kila mmoja alete ujumbe wa dini uliofika kwenye simu ya nyumbani kwao, kisha atafute uko katika kitabu gani. Wengi walirudi mikono mitupu. Dua za "ukiisoma mara 7 deni linalipika", hadithi zisizo na mpokezi, maneno ya busara ya watu wengine yaliyobandikwa jina la Sayyidna Ali (R.A.). Mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Ustadh, sasa nimwambie bibi yangu kwamba anatuma uongo?" Nikamjibu: mwambie kwa adabu, "Bibi, nisaidie, hii imetoka kitabu gani?" Swali hilo ni ibada, na bibi atajifunza pamoja nawe.

BARUA YA SHEKHE AHMAD HAIFI

Msidhani ugonjwa huu umeletwa na simu. Mnaujua ule wasia wa Shekhe Ahmad, anayedaiwa kuwa mlinzi wa kaburi la Mtume (S.A.W.) Madina? Kaota ndoto, kaambiwa Kiyama kimekaribia, na anayeunakili na kuusambaza atapata kadhaa, na anayeupuuza atapatwa na kadhaa. Wasia huo una zaidi ya miaka mia moja! Mwaka 1908 barua ya namna hiyo, iliyoitwa barua ya Makka, ilienea Lindi na miji mingine ya koloni la Wajerumani, enzi ambayo nchi zetu za Burundi na Rwanda zilikuwa ndani ya koloni hilo hilo. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha juzi tu, na serikali ya Wajerumani ikaingiwa na hofu. Aliyeshukiwa kuieneza ni Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, ambaye kabla ya hapo alikuwa na nguvu kubwa Ujiji, kwenye ziwa letu hili hili la Tanganyika.

Sheikh Abdul Aziz bin Baz wa Saudia (aliyefariki mwaka 1999) aliandika kuubatilisha wasia huo, na moja ya hoja zake ingetosha kumzindua mwenye akili: anayeandika Qur-aani yenyewe na kuipeleka mji hadi mji hakuahidiwa malipo kama yanayodaiwa humo, sembuse karatasi ya ndoto ya mtu asiyejulikana? Lakini wasia upo mpaka leo. Zamani uliandikwa kwa kalamu, ukaja kutolewa fotokopi na kuachwa misikitini, sasa unakuja na picha ya kuba la kijani na maneno "tuma kwa watu 20". Mzee aliyenakili kwa mkono mwaka ule alitumia angalau wino na saa nzima, na huenda katikati ya kuandika akapata kufikiri. Sisi tunaumaliza kwa sekunde moja.

UVUMI UNAUA

Atasema mtu: "Ustadh unakuza mambo, ujumbe tu huu." Basi nenda Kivu Kaskazini, hapa jirani. Agosti 2018 ilitangazwa Ebola, na mpaka inamalizika Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Palienea uvumi kwamba ugonjwa haupo, kwamba ni biashara ya wageni, kwamba anayeingia kituo cha tiba anauawa humo. Februari 2019 vituo vya tiba vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Sababu zilikuwa nyingi, vita na siasa zikiwemo, lakini uvumi ulikuwa kuni, na baadhi ya wagonjwa walijificha majumbani mpaka wakaambukiza waliowauguza.

Nenda India mwaka 2018, ambako habari za uongo kuhusu wezi wa watoto zilipita kwenye simu na zaidi ya watu 20 wakauawa na makundi ya watu wenye hasira. Na nenda Myanmar, ambako Waislamu wa Rohingya zaidi ya laki 7 walikimbilia Bangladesh kuanzia Agosti 2017. Mwaka 2018 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza jinsi Facebook ilivyotumika kueneza chuki dhidi yao, na kampuni yenyewe ikakiri kwamba haikufanya ya kutosha kuzuia. Tulilia sote, na tulikuwa na haki ya kulia. Lakini utawalilia vipi Rohingya asubuhi, na jioni utume habari usiyoijua kuhusu kabila la jirani yako? Sisi wa Maziwa Makuu hatuhitaji kufundishwa neno linafanya nini. Redio ya RTLM ilianza Rwanda Julai 1993, na mwaka 1994 ikachochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Waislamu wa Biryogo mjini Kigali wanakumbukwa kwa majirani waliowaficha majumbani mwao, wakati redio inataja majina ya kuwindwa. Hiyo ndiyo sura njema ya Muislamu, na haikuhitaji wafuasi.

Tena tuone haya. Baada ya mauaji ya India, wenye WhatsApp waliweka kikomo: tangu Januari 2019 ujumbe hausambazwi kwa zaidi ya watu au magrupu 5 kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ule uliokwisha kupita mikono mingi, wenye alama ya mishale miwili, hupelekwa mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Kampuni ya biashara imejitia hatamu. Na sisi wenye Suratul Hujurat, aya ya 6, inayotuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta, hatamu yetu iko wapi?

HOJA ZAO NA MAJIBU YAKE

"Nia yangu ni njema." Nimekwisha kueleza: wapokezi dhaifu nao walikuwa na nia njema. Nia njema haiigeuzi hadithi ya kuzuliwa kuwa sahihi, wala haimrudishii binti heshima yake.

"Sina muda wa kuchunguza." Kama huna muda wa kuhakikisha, basi huna ruhusa ya kusambaza. Hakuna faradhi inayoitwa kusambaza! Kunyamaza hakugharimu hata bando.

"Mtazuia daawa." Daawa ipi? Kijana wa Kiislamu akituma hadithi tatu za uongo na wenzake wa shule wakagundua, ya nne ikiwa sahihi hawataiamini. Anayelinda ukweli ndiye anayelinda daawa.

"Aliyenitumia ni shekhe." Basi muulize shekhe. Mwanachuoni wa kweli hufurahi kuulizwa dalili. Anayekasirika kwa swali hilo, hilo nalo ni jibu.

JUMUIYA TUNAYOPASWA KUIJENGA

Sisemi watu wazime simu. Ndugu zetu wako Muscat, wako Ulaya, wako Nairobi, na grupu la ukoo ndilo sebule iliyobaki. Mtu akifiwa Rumonge, mchango wa sanda na usafiri unapatikana kabla ya Alasiri. Hiyo ni neema. Lakini sebule ina adabu zake, na haya ndiyo ninayoyaomba kwa kila grupu la familia, la msikiti na la madrasa:

1. Kila neno liwe na mwenyewe. Anayeleta habari aandike kwa jina lake: nimeisikia kwa fulani, au nimeisoma kitabu fulani. Asiyeweza kuandika hivyo, asitume. Maneno "kama ilivyopokelewa" yapigwe marufuku kabisa.

2. Marekebisho yapite njia ile ile. Aliyetuma kosa katika magrupu manne, atume ukweli katika manne yale yale. Kulifuta kimyakimya hakutoshi, maana waliolisoma bado wanalo vichwani.

3. Aibu haitumwi. Hata ikiwa ni kweli, kumsema Muislamu kwa asilolipenda ni ghiba, na ikiwa si kweli ni buhtani. Hakuna mlango wa tatu.

4. Sadaka isipigwe picha za nyuso. Mjane anayepokea kilo 5 za mchele hakuuza uso wake. Piga picha ya magunia, andika hesabu zilizoingia na zilizotoka, inatosha.

5. Admini ni mchungaji, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Grupu la WhatsApp sasa linaweza kubeba watu 1,024. Kama huwezi kuchunga hao, chunga 50.

6. Grupu liwe na kazi duniani, si kwenye kioo tu: kuzika, kuuguza, kulipia mayatima ada, kufuatilia mtoto aliyekosa darasa wiki mbili. Grupu lisilo na kazi litajitafutia kazi, na kazi iliyo karibu zaidi ni umbea.

Na nanyi wazazi, mtoto akiuliza "baba, nani kasema?", msimkemee kwamba anabishana na wakubwa. Huyo ameshika kamba ya Bukhari.

Namalizia kwa jambo moja tunalolisahau katika kisa cha Ifk. Miongoni mwa waliotia ulimi wao alikuwemo Mistah (R.A.), jamaa wa Abu Bakr (R.A.), mtu aliyepigana Badri na aliyekuwa akiishi kwa msaada wa Abu Bakr. Abu Bakr akaapa kumkatia msaada. Ikateremka aya ya 22 ya Suratun Nur kuwataka wenye fadhila wasamehe na waendelee kutoa, naye akamrudishia. Basi jumuiya ya Kiislamu inalizuia neno baya, na inamsamehe aliyeteleza. Lakini msamaha unamhitaji mtu mwenye jina, anayesema: ni mimi niliyetuma, nimekosea, nisameheni. Anayejificha nyuma ya maneno mawili tutamsamehe vipi?

Wale mia tatu bado wamo kwenye magrupu yale yale, na namba za wazazi wa yule binti wanazo. Mlango haujafungwa.

Tunamuomba Allah (S.W.) azihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu, azisitiri nyumba zetu, na atujaalie tuwe wakweli katika tunayoyasema na tunayoyapeleka. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.

Ndugu yenu katika Uislamu,
Mwalimu wa madrasa, Buyenzi, Bujumbura